Faili la .dat, .bin au lisilo na kiendelezi: namna ya kulitambua na kulifungua

Umetumiwa faili linaloishia na .dat. Unalibofya, Windows inakuuliza ulifungue kwa programu gani. Ukichagua Notepad unaona herufi za ajabu, ukichagua Word unaambiwa limeharibika. Watu wengi hapa huanza kujaribu programu moja baada ya nyingine, na wengine huishia kusakinisha vitu wasivyovijua vilivyojitangaza kuwa vinafungua faili la kila aina.

Kiendelezi, yaani herufi zinazofuata nukta ya mwisho, ni sehemu ya jina tu. Mtu yeyote anaweza kuliita faili jina lolote, na kopo la Blue Band jikoni laweza kuwa na chumvi. Aina halisi ya faili hujulikana kwa kusoma baiti zake za mwanzo, yaani vipande vidogo vya data vinavyoliunda, kazi ya dakika mbili. Baiti hizo ziko palepale hata jina likibadilishwa mara kumi. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuzisoma kwenye Windows, Linux, Mac na simu ya Android, kisha cha kufanya ukishajua ulichonacho.

Kabla ya kugusa chochote

Tengeneza nakala ya faili na ufanye majaribio yote kwenye nakala. Baadhi ya programu zikilazimishwa kufungua faili zisilolielewa, halafu ukabonyeza kuhifadhi kwa bahati mbaya, huandika upya kila kitu. Notepad ni mfano mzuri: kusoma faili la picha au la Word kwa Notepad hakuna madhara, lakini kulihifadhi kutoka humo kunaliua.

Pili, hakikisha kompyuta inakuonyesha jina kamili. Windows huficha viendelezi inavyovifahamu, kwa hiyo faili linaloitwa risiti.pdf.exe utaliona kama risiti.pdf. Kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, bofya View, kisha Show, halafu weka tiki kwenye File name extensions. Kwenye Windows 10 tiki hiyo iko moja kwa moja chini ya View. Iache hivyo siku zote.

Tatu, angalia ukubwa. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, usome idadi ya baiti. Likiwa na baiti 0 hakuna cha kufungua. Mwombe aliyekutumia alitume tena. Ripoti inayotakiwa kuwa na kurasa 80 ikiwa na KB 3 tu, ulichonacho si ripoti. Na faili la .dat lenye MB 600 karibu hakika ni video au nakala ya diski, si barua.

Jiulize pia lilikotoka. Diski ya zamani, mashine ya kusaini mahudhurio ofisini, kiambatisho cha barua pepe, tovuti ya takwimu: kila chanzo kina tabia yake, na tutavirudia chini kimoja kimoja.

Kusoma baiti za mwanzo

Kwenye Windows huhitaji kusakinisha kitu. Fungua folda yenye faili, bofya kwenye mstari wa anwani ulio juu, futa kilichopo, andika powershell na ubonyeze Enter. Kwenye dirisha linalofunguka andika:

Format-Hex -Path '.\faili.dat' | Select-Object -First 4

Weka jina la faili lako badala ya faili.dat. Alama za nukuu zinasaidia pale jina linapokuwa na nafasi. Utaona mistari michache yenye sehemu tatu: kushoto ni mahali baiti ilipo, katikati ni baiti zenyewe kwa heksadesimali (tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F), na kulia ni herufi zinazosomeka, pale zinaposomeka. Mara nyingi safu ya kulia pekee inakutosha.

Kwenye Linux na Mac kuna amri fupi zaidi, unayoiandika kwenye Terminal ukiwa ndani ya folda ya faili, inayolinganisha baiti hizo na orodha ndefu ya alama zinazojulikana na kukupa jibu:

file faili.dat

Ukitaka kuziona baiti mwenyewe, andika xxd -l 64 faili.dat.

Mwenye simu ya Android asijione ametengwa. Sakinisha Termux, programu ya kuandikia amri, kutoka F-Droid, duka la programu huria za Android, uifungue, kisha andika amri hizi kwa mfuatano:

pkg install file
termux-setup-storage
cd ~/storage/downloads
file *

Amri ya pili itaomba ruhusa ya kusoma hifadhi ya simu, kubali. Ya mwisho inakupa aina ya kila faili lililo kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Ni njia nzuri hasa kwa yale mafaili ya WhatsApp yanayoanza na DOC na tarehe, yasiyo na kiendelezi chochote.

Amri ya file ikijibu data bila maelezo mengine, maana yake haikutambua alama yoyote. Hapo kuna uwezekano wa mambo matatu: aina isiyo ya kawaida, faili lililofungwa kwa nywila au kusimbwa (kugeuzwa lisisomeke bila ufunguo), au faili lililoharibika. Kabla ya kukata tamaa jaribu TrID, programu ya Marco Pontello inayotumia hazina kubwa ya alama na kutoa majibu kwa asilimia ya uwezekano. Ofisi yenye mafaili maelfu, mathalani masijala inayohamisha kumbukumbu kutoka diski za zamani, itafaidika zaidi na DROID ya Hifadhi ya Taifa ya Uingereza: inapita folda nzima na kuandika orodha unayoweza kuifungua kwa Excel.

Alama unazokutana nazo mara nyingi

Huna haja ya kuzikariri zote. Hizi zinatosha kwa kazi nyingi za ofisini na nyumbani:

- %PDF (25 50 44 46): hati ya PDF
- PK (50 4B 03 04): ZIP na jamaa zake wote, angalia sehemu inayofuata
- D0 CF 11 E0 A1 B1 1A E1: Word, Excel, PowerPoint na Publisher za mtindo wa zamani
- FF D8 FF: picha ya JPEG
- 89 50 4E 47: picha ya PNG
- GIF87a au GIF89a: picha ya GIF
- ftyp kuanzia baiti ya tano: MP4, 3GP, MOV, M4A, au picha ya HEIC ya iPhone
- RIFF: soma herufi nne zinazoanzia baiti ya tisa. WAVE ni sauti, AVI ni video, WEBP ni picha, CDXA ni video ya VCD
- OggS: sauti, zikiwemo jumbe za sauti za WhatsApp
- ID3: MP3
- Rar! na 37 7A BC AF 27 1C: vifurushi vya RAR na 7z
- 1F 8B: kifurushi cha gzip
- {\rtf: hati ya RTF, inafunguka kwa Word na LibreOffice
- SQLite format 3: hifadhidata ya SQLite, fungua kwa DB Browser for SQLite
- 78 9F 3E 22: winmail.dat ya Outlook
- 4C 00 00 00: njia ya mkato ya Windows, si faili lenyewe
- MZ (4D 5A): programu ya Windows. Usiifungue.

Ukiona EF BB BF au FF FE mwanzoni, kisha maneno yanayosomeka, hilo ni faili la maandishi ya kawaida. Baiti hizo zinaeleza tu namna herufi zilivyohifadhiwa.

PK na D0 CF: hapa ndipo panapochanganya

Herufi PK ni za Phil Katz, aliyeunda muundo wa ZIP mwaka 1989. Leo karibu kila hati ya ofisi ni ZIP ndani yake: docx, xlsx, pptx, odt, epub, hata programu za Android zenye kiendelezi apk. Kwa hiyo ukiona PK usikimbilie kusema ni zip. Fungua nakala kwa 7-Zip, programu ya kufungulia vifurushi: bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua 7-Zip, kisha Open archive, uangalie majina ya folda zilizomo.

Kukiwa na folda ya word, badilisha kiendelezi cha nakala kuwa docx. Folda ya xl ni xlsx, na ppt ni pptx. Kukiwa na faili linaloitwa mimetype, lisome: limeandikwa aina yenyewe kwa maneno. Hati za Word mara nyingi hujitambulisha hata bila 7-Zip, kwa kuwa kwenye safu ya kulia ya PowerShell, baada ya PK na nukta kadhaa, utasoma [Content_Types].xml. Kitabu cha epub nacho huonyesha mimetypeapplication/epub+zip karibu na mwanzo kabisa.

Ukikuta AndroidManifest.xml na classes.dex, hiyo ni programu ya simu. Mtu akikutumia kadi ya mwaliko au taarifa ya benki, halafu ndani ukakuta majina hayo mawili, ifute. Kadi haihitaji kusakinishwa kwenye simu.

Alama ya D0 CF 11 E0 nayo ina jamaa wengi. 7-Zip inaweza kuchungulia humo pia. WordDocument maana yake doc, Workbook ni xls, PowerPoint Document ni ppt. Majina yanayoanza na __substg1.0 ni barua pepe ya Outlook iliyohifadhiwa kama msg.

Kuna jambo moja linalowapoteza hata mafundi. Faili la xlsx au docx lililowekewa nywila ya kufungulia haliji na PK. Linaanza na D0 CF, na ndani yake utakuta EncryptedPackage na EncryptionInfo. Mtu akiona hivyo anadhani ni Excel ya zamani, analiita xls, na bado linagoma. Lirudishie kiendelezi cha xlsx au docx, ulifungue kwa Excel au Word, nayo itakuomba nywila. Bila nywila hakuna njia ya mkato, na tovuti zinazodai kuiondoa bure tusizikabidhi mishahara ya watu.

.dat: kiendelezi kisicho na mwenyewe

Neno dat ni kifupi cha data tu, hivyo mtengenezaji yeyote wa programu anaweza kulitumia. Kwa Afrika Mashariki, .dat zinazoletwa kwa mafundi mara nyingi ni za aina zifuatazo.

*Video za VCD.* Diski za harusi, mahafali, kwaya na filamu za miaka ya 2000 zina folda iitwayo MPEGAV, na ndani yake AVSEQ01.DAT, AVSEQ02.DAT na kuendelea. Hiyo ni video ya MPEG-1, kwa mfumo wa PAL ikiwa na ukubwa wa 352 kwa 288. VLC inaifungua bila kuuliza. Ukitaka ichezeke kwenye televisheni au simu bila kupunguza ubora zaidi, tumia ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa amri:

ffmpeg -i AVSEQ01.DAT -c copy harusi.mpg

Amri hii haichakati picha upya, inahamisha tu mkondo wa video na sauti kwenye faili safi. Kama simu yako haichezi mpg, ondoa maneno -c copy na uipe matokeo jina harusi.mp4.

Tatizo kubwa la VCD ni kunakili kutoka kwenye diski yenyewe. Sehemu za diski zinazobeba video ziliandikwa bila ile tabaka ya ziada ya kusahihisha makosa iliyopo kwenye CD za data, ili nafasi ya video iongezeke. Ndiyo maana mkwaruzo mdogo unatosha kuifanya Windows isimamishe kunakili katikati. Futa diski kwa kitambaa laini kikavu, kutoka katikati kwenda nje na si kwa kuzungusha, kisha jaribu kiendeshi kingine cha diski. Viendeshi vinatofautiana sana katika kusoma diski zilizochoka. Ikishindikana, ifungue kwa VLC kupitia Media, Open Disc, chagua SVCD/VCD, na urekodi inavyocheza. Utapoteza sekunde kadhaa penye mkwaruzo badala ya kupoteza sherehe nzima. Diski hizi zinazidi kuchakaa, na ukiwa nazo nyumbani fanya kazi hii mapema.

*Mahudhurio kutoka mashine ya alama za vidole.* Mashine za aina hii, zikiwemo za ZKTeco zilizoenea maofisini na mashuleni, hutoa kwenye flashi faili kama 1_attlog.dat. Licha ya jina lake, ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa tabo, mstari mmoja kwa kila mtu aliyeweka kidole:

27    2024-03-04 07:52:16    1    0    1    0

Namba ya kwanza ni ya mtumishi kama alivyosajiliwa kwenye mashine, ikifuatwa na tarehe na saa. Zilizobaki ni misimbo ya mashine, kama vile njia ya uthibitisho na kama ameingia au ametoka. Usilibofye mara mbili. Fungua Excel, nenda Data, kisha From Text/CSV, chagua kuona mafaili yote, na uweke Tab kuwa kitenganishi. Kwenye flashi hiyohiyo huenda ukaona user.dat. Hilo si la kusomwa na binadamu. Ni la kuhamishia watumishi kwenye mashine nyingine, liache lilivyo.

Wakati wa kuingiza maandishi kwenye Excel kuna mtego unaoharibu kazi za watu kila siku. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20, kwa hiyo ukiiacha iingie kama namba, tarakimu tano za mwisho zinageuka sifuri na hazirudi tena. Namba ya simu 0754 nayo inapoteza sifuri ya mbele. Kwenye dirisha la kuingiza bofya Transform Data, chagua safu hizo, na ubadilishe aina yake kuwa Text kabla ya kupakia.

*winmail.dat.* Hii hutokea mtu anapotuma barua kwa Outlook katika muundo wa Rich Text, nawe unaisoma kwa programu isiyoelewa muundo huo. Viambatisho vyote, PDF na picha, vimefungwa humo. Kwenye Linux sakinisha tnef na uandike tnef winmail.dat, kwenye Windows kuna Winmail Opener. Dawa ya kudumu iko kwa mtumaji: abadilishe muundo wa barua zake uwe HTML au maandishi ya kawaida.

*Takwimu za tafiti.* Wanafunzi wanaopakua data za tafiti za afya za DHS wanaweza kuchagua muundo bapa, ambao huja kama .DAT: mistari mirefu ya tarakimu zilizoshikana bila vitenganishi. Hakuna kilichoharibika. Kila swali lina nafasi yake maalumu kwenye mstari, na ramani ya nafasi hizo imo kwenye mafaili mengine ya kifurushi hichohicho, yenye viendelezi DCT, SPS au MAP. Ushauri wetu ni kurudi na kupakua toleo la Stata au SPSS, programu za kuchambua takwimu, utajiokolea siku nzima.

.bin, .ts, .pub, .sav

Kiambatisho cha barua pepe chenye .bin kwa kawaida ni faili zuri kabisa lililopoteza utambulisho njiani: seva ililitaja kuwa application/octet-stream, yaani baiti tu, na programu ya barua ikalipa .bin. Soma baiti za mwanzo, na mara nyingi utakuta %PDF au PK. Badilisha kiendelezi cha nakala, umemaliza. Lakini .bin inayoandamana na faili la .cue ni nakala ya CD. Sehemu yake ya data huanza na 00, kisha FF mara kumi, kisha 00. Na .bin uliyoipakua kutoka kwa mtengenezaji wa ruta au dikoda ni programu ya kifaa hicho. Hiyo haifunguliwi, inapakiwa kwenye kifaa chenyewe, na ukikosea modeli kifaa kinaweza kufa.

Faili la .ts likianza na 47, na 47 nyingine ikaonekana kila baada ya baiti 188, ni video iliyorekodiwa kutoka kwenye matangazo. VLC inalicheza, isipokuwa kama dikoda ililifunga ili lichezwe kwenye dikoda hiyohiyo tu. Likiwa ni maandishi yenye maneno kama import na const, ni msimbo wa TypeScript, lugha ya kuandikia programu.

Faili la .pub lenye D0 CF ni la Microsoft Publisher: kadi, vipeperushi, ratiba za ibada. Kama huna Publisher, LibreOffice Draw hulifungua, ingawa maandishi huhama kidogo pale fonti inapokosekana. Mwenye kabati la kazi za zamani azigeuze kuwa PDF mapema, maana Microsoft imetangaza kuiondoa Publisher Oktoba 2026. Likianza na ssh-rsa au ssh-ed25519, ni ufunguo wa umma wa kuingilia seva.

Faili la .sav likianza na $FL2 ni la SPSS. PSPP hulifungua bure, vilevile R kwa kifurushi cha haven. Bila alama hiyo, huenda ni mchezo wa kompyuta uliohifadhiwa.

Jina sahihi, kilichomo si chenyewe

Hali hii inasumbua kuliko zote. Umepakua PDF kutoka kwenye mfumo wa ofisi au chuo, jina linaishia na .pdf, na kisomaji kinasema limeharibika. Lifungue kwa Notepad. Ukiona <!DOCTYPE html au <html, ulichopakua ni ukurasa wa tovuti, kwa kawaida ule wa kukuambia uingie upya kwa sababu muda wako uliisha, au wa Wi-Fi ya hotelini inayotaka nywila kwanza. Ingia upya, upakue tena. Kulirekebisha faili lenyewe ni kupoteza muda.

Ndugu yake ni lile la .xls linalotolewa na mifumo ya malipo na ya matokeo, ambalo ndani yake ni jedwali la HTML. Excel inakuonya kuwa muundo na kiendelezi havilingani. Ukiwa na hakika na chanzo, kubali, kisha lihifadhi upya kama xlsx. Linganisha namba ndefu na zilizo kwenye mfumo kabla ya kuzitumia.

Faili lililokatika katikati lina mwanzo mzuri na mwisho mbovu. PDF kamili huishia na %%EOF, JPEG na FF D9, na ZIP huwa na PK 05 06 karibu na mwisho. Kwenye Linux na Termux utauona mwisho huo kwa tail -c 64 faili.pdf | xxd. Kama xxd haipo, tumia od -c badala yake. Mwisho ukikosekana, pakua tena. Video ya MP4 iliyokatika kwa sababu simu ilizima ikirekodi huwa na ftyp mwanzoni lakini inakosa sehemu iitwayo moov, ambayo ndiyo faharasa ya video nzima. Programu ya untrunc inaweza kuijenga upya ukiipa video nyingine nzima iliyopigwa kwa simu hiyohiyo, kwa mipangilio ileile.

Ukiona 00 tupu mstari baada ya mstari, data haipo. Hutokea flashi inapochomolewa kabla ya kuandika kumalizika, au inapokuwa imechoka. Hakuna kiendelezi kitakachoirudisha; tafuta nakala nyingine.

Flashi ikionyesha folda zako zote zikiwa na KB 1 au 2, hizo ni njia za mkato zilizowekwa na kirusi, na mafaili halisi yamefichwa palepale. Usizibofye. Tazama herufi ya flashi, tuseme ni E, fungua Command Prompt na uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yakishaonekana, yanakili yale ya kazi tu, uchanganue kwa antivairasi, kisha uifomati flashi.

Na mafaili yote yakiwa yameongezewa kiendelezi kimoja kigeni mwishoni, na pembeni kuna barua ya kudai pesa, yamesimbwa na kirusi cha fidia. Kimojawapo kiliwahi kuongeza .djvu, kiendelezi ambacho pia ni cha vitabu vilivyoskaniwa. Utavitofautisha kwa baiti: kitabu halisi cha djvu huanza na AT&TFORM. Kubadilisha jina hakuondoi usimbaji. Tenganisha kompyuta na mtandao, hifadhi mafaili yalivyo, na uangalie tovuti ya No More Ransom kama ufunguo wake umeshapatikana. Vivyo hivyo msgstore.db.crypt14 au crypt15 ya WhatsApp: imesimbwa kwa makusudi, na njia ya kawaida ya kuifungua ni kurejesha akaunti yako kwenye WhatsApp yenyewe.

Usalama wakati wa kuchunguza

Kusoma baiti hakuendeshi faili, ndiyo maana tunaanza nako. Hatari iko kwenye kubofya mara mbili. Ukitaka maoni ya antivairasi nyingi kwa pamoja, tumia VirusTotal, lakini usipakie hati yenye taarifa za watu, kwa kuwa wanaolipia huduma hiyo wanaweza kuipata. Andika Get-FileHash '.\faili.dat' kwenye PowerShell, nakili alama ndefu inayotokea, uitafute kwenye VirusTotal. Faili lenyewe halitoki kwenye kompyuta yako. Tahadhari hiyohiyo inahusu tovuti za kufungua na kugeuza mafaili. Orodha ya wagonjwa au ya mishahara inalindwa na sheria, Kenya kwa sheria ya 2019 na Tanzania kwa sheria ya 2022, na ukishaipakia huna mamlaka nayo tena.

Ukishalitambua

Badilisha kiendelezi cha nakala: bonyeza F2, andika jina jipya, ukubali onyo la Windows. Kufanya hivyo hakugeuzi muundo. Kunaiambia kompyuta tu iite programu ipi. Picha ya PNG ukiiita jpg bado ni PNG.

Usiweke tiki kwenye kuchagua programu daima kwa .dat au .bin. Ukiifunga .dat kwa VLC, kesho faili la mahudhurio nalo litakwenda VLC. Bofya kwa kitufe cha kulia, chagua Open with, tena kila mara.

Ikiwa bado limegoma na unampelekea fundi, mpe ukubwa wake kwa baiti, lilikotoka na lini, baiti 64 za mwanzo na 64 za mwisho kama maandishi, na jibu la TrID au amri ya file. Mpe pia faili la asili, si ile nakala uliyokwisha kuibadilisha jina.